Mortal Kombat sehemu ya pili: wapiganaji wengi, vita vya nani?

Vibanda vya gemu vya Majengo na Kisauni, Mombasa, vina sheria moja: ukishindwa unaachia padi, kile kidude cha kuchezea, mshindi anabaki. Ndiyo maana Mortal Kombat, gemu ya mapigano iliyotoka 1992, haikuhitaji hadithi ndefu ili kumnasa mtu. Hela umeshatoa, wenzako wanakucheka mgongoni, na mpiganaji Scorpion akirusha ile kamba yake, unayevutwa ni wewe. Sinema haikupi padi. Mkurugenzi lazima atafute kitu kingine cha kukufanya uumie pigo linapotua.

Mabishano haya, kama wingi wa wapiganaji unatosha au hadithi ndiyo muhimu, yamerudi barazani kwa sababu ya Mortal Kombat II ya Simon McQuoid, iliyopangwa kutoka Oktoba 2025 kisha ikasogezwa hadi Mei 2026. Kila anayeitaja humkumbusha mwenzake sehemu ya pili ya zamani, Mortal Kombat: Annihilation ya 1997, na hapo watu hugawanyika.

Wanaoitetea wana hoja, tusiwadharau. Filamu ya kwanza, ya 1995, ilikuwa na wapiganaji wachache. Wacheza gemu walitaka kuwaona na wengine. Annihilation ikawaletea: Sindel, Jade, Sheeva, Motaro, Ermac, Cyrax, Nightwolf, Mileena. Kwa kijana aliyewajua kwa vitufe tu, kumwona Cyrax akitembea kwa miguu yake ilikuwa sherehe. Na watu wa kupigana walikuwepo kwelikweli. Robin Shou, aliyecheza Liu Kang, ni mtu wa sanaa hizo, na miongoni mwa waliomshikia nafasi kwenye sarakasi ni Tony Jaa, kabla dunia haijamjua kwa jina. Mpenzi wa ngumi na mateke akisema hapo kuna cha kutazama, hadanganyi.

Tatizo ni namna walivyotumika. Mtazame Rain. Ni mhusika ambaye mashabiki walimngojea kwa hamu, na anaingia na vazi lake la zambarau. Anatoa ripoti yake kwa Shao Kahn, mkuu wa maadui, bosi haridhiki, nyundo inapaa, Rain kwisha. Hakurusha hata teke moja. Scorpion naye anatokea, anapambana na Sub-Zero, anamteka Kitana, kisha filamu inamsahau kabisa. Hao hawakuletwa kupigana, wameletwa kuhesabiwa.

Halafu kuna Johnny Cage. Sisi tuliolelewa na sinema za bandani, yale mabanda ya video ya mtaani, tunajua kwamba staringi hafi, na akifa lazima kuwe na sababu nzito. Cage wa 1995 alikuwa mmoja wa mastaringi watatu, tena ndiye aliyetuchekesha. Annihilation inamvunja shingo mwanzoni tu, tena akiwa na sura ya mwigizaji mwingine, maana Linden Ashby hakurudi. Christopher Lambert, aliyecheza Raiden, hakurudi pia. Nafasi hiyo akapewa James Remar. Sonya, mpiganaji wa kike, naye akapewa mwigizaji mwingine. Sasa umlilie nani, na huyu unayeambiwa umlilie humjui?

Mfuko wa mashabiki ulijibu. Filamu ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 122 duniani. Ya pili, iliyotengenezwa kwa bajeti kubwa zaidi, ikaambulia kama milioni 51.

Lakini anayedai kwamba hadithi pekee ndiyo dawa naye asikimbilie ushindi. McQuoid alijaribu njia hiyo katika filamu yake ya Mortal Kombat ya 2021. Alibuni mhusika mpya, Cole Young, mwenye mke na binti, ili tuwe na mtu wa kumwonea huruma. Wacheza gemu wengi hawakumkubali: hawakuwahi kumchagua kwenye skrini, iweje awe mkubwa wa Liu Kang? Kibaya zaidi, filamu yenye jina la mashindano ilimalizika bila mashindano yenyewe kufanyika.

Cha ajabu, filamu hiyohiyo ina jibu katika dakika zake za mwanzo. Ni Japani ya karne ya 17. Hanzo Hasashi, ambaye baadaye ndiye Scorpion, ametoka kwenda kuchota maji. Anarudi na kumkuta mkewe na mwanawe wamegandishwa kwa barafu. Anachukua kunai, chombo ambacho mkewe alikuwa akilimia bustani, anakifunga kamba, anaanza kuua. Mchezaji wa gemu anapiga kelele kwa sababu anaijua silaha hiyo. Bibi ambaye hajawahi kushika padi anaelewa pia, kwa sababu anamjua mjane. Hapa hakuna upande uliopunjwa, na maneno yaliyosemwa ni machache mno.

Kwa hiyo wingi wa wapiganaji si dhambi kwangu. Nauliza tu kila mmoja atapoteza nini akipigwa. Annihilation ilishindwa hapo hata kwa yule mkuu: Liu Kang na Shao Kahn wanageuka mazimwi ya kompyuta yaliyochorwa vibaya hata kwa viwango vya 1997, na mwili wa Robin Shou, ule uliotuvuta tangu mwanzo, hauonekani katika sehemu hiyo.

Bandani Annihilation ina maisha mengine, na hili wahakiki wa mbali hawalijui. Msimuliaji mwenye ulimi, yule anayeisimulia filamu kwa Kiswahili huku ikiendelea, akishika maikrofoni, Rain hupewa ukoo, deni na maneno ya mwisho ambayo mwandishi hakumwandikia. Filamu yenye mashimo humwachia nafasi ya kazi. Nimeona watu wakiifurahia hivyo kuliko filamu nzuri. Ila hiyo ni sifa ya msimuliaji, tusimpe mkurugenzi.

Sehemu ya pili ya McQuoid imemkabidhi Karl Urban nafasi ya Johnny Cage, yule aliyeuawa upesi 1997 na kuachwa nje 2021 isipokuwa bango lake mwishoni. Kumleta Cage ni uamuzi ninaouunga mkono: mwigizaji mwenye majivuno anayelazimika kupigana kweli ana cha kupoteza, heshima yake. Anayetaka kumpima alipe tiketi ya sinema Nyali. Anayetaka kuhesabu wapiganaji tu, angoje bandani.