Kati ya hizi, ipi naweza kuiacha?

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyeshika cheti kwa mikono miwili. Kijana wa dirishani akapiga hesabu, akamgeuzia kikokotoo aone mwenyewe. Mama akaitazama ile namba, akaitazama tena kama anayesubiri ibadilike. Kisha akainamia tundu la kioo na kuuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwa bahati mbaya wote tuliisikia: "Mwanangu, kati ya hizi, ipi naweza kuiacha?"

Kijana akamjibu zote ni muhimu. Mama akasema hilo analijua, ila ipi. Wakavutana kidogo kwa upole mpaka wakaelewana: ya maumivu achukue yote, ya kulinda tumbo achukue, ya presha achukue ya siku 10 badala ya mwezi. Akalipa, akakunja cheti mara nne, akakisukumiza ndani ya pochi. "Hizo zilizobaki nitazifuata." Hakuna aliyemwamini pale foleni. Nadhani hata yeye hakutegemea tumwamini, alitaka tu tumpishe apite.

Angalia alichochagua. Maumivu yanasikika, kwa hiyo dawa yake ikapona. Presha haiumi, ikakatwa. Mtu yeyote mwenye hela ya nusu angechagua hivyohivyo, na ndiyo maana uamuzi huo haukupaswa kufanywa pale, kupitia tundu la kioo, huku sisi wengine tukikohoa na kutazama saa.

Nimerudi nyumbani na hasira isiyo na pa kwenda. Daktari aliyeandika hakukosea. Kijana naye alijitahidi. Kila mtu katimiza wajibu wake, na mgonjwa kaondoka na theluthi ya tiba ya ugonjwa unaoweza kumuua.

Tukizungumzia gharama na huduma ya afya huwa tunamfikiria yule aliyezuiwa mapokezini kwa kukosa malipo ya awali. Huyo yupo, na ni aibu, na angalau kisa chake kinapigiwa kelele. Huyu wa dirishani hana wa kumpigia kelele. Kwenye kumbukumbu za hospitali yeye ni mgonjwa aliyehudumiwa: kaonwa, kapimwa, kaandikiwa dawa. Takwimu safi kabisa, mtu anaweza kuisomea risala.

Sasa kifuate kisa mpaka mbele kidogo. Siku ya kliniki imefika, presha iko juu vilevile. Daktari anauliza, "Dawa unameza?" Mama atajibu nini? Atasema anameza. Nani anataka kukaa mbele ya koti jeupe aeleze hali ya mfuko wake, mlango uko wazi na mwenye namba inayofuata ameshaingiza kichwa? Basi daktari, pamoja na miaka yake yote ya shule, anahitimisha kuwa dawa haijafanya kazi. Anapandisha dozi, au anaongeza dawa ya pili. Cheti kinarefuka, bei inapanda, na safari hii mama anaacha nyingi zaidi. Daktari anamtibu mtu wa kwenye faili, yule anayemeza kila kitu kwa wakati. Aliyekaa kwenye kiti hajatibiwa na mtu.

Halafu mwezi mmoja mtoto wake anatuma hela. Mama kwa furaha ananunua dozi nzima, ile iliyopandishwa kwa sababu ya vidonge ambavyo hakuwahi kuvimeza, na presha inashuka mpaka anaanguka chooni. Kwenye faili wataandika kuwa mgonjwa hafuati masharti. Ninalichukia sana neno hilo. Masharti gani, jamani? Sharti lililomshinda lilikuwa moja, na halikuandikwa popote kwenye cheti.

Na si wazee peke yao. Mimi ninayeandika haya nimewahi kumwambia daktari kwamba kikohozi kimepungua, hali nilikuwa sijalala usiku kucha, kwa kuogopa atanituma picha ya kifua. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimempa taarifa ya uongo mtu ambaye kazi yake yote inategemea taarifa.

Kuna watu, kwa kawaida wenye bima nzuri, watakaoniambia mgonjwa lazima achangie kidogo ili asikimbilie hospitali kwa kila mafua. Haya. Jambo hilo limeshapimwa. Marekani, taasisi ya utafiti ya RAND iliendesha jaribio kati ya 1974 na 1982: familia zaidi ya 2,000 zikapangwa kwa bahati nasibu, baadhi zikatibiwa bure, nyingine zikachangia sehemu ya gharama, wengine hadi asilimia 95 mpaka kikomo fulani cha mwaka. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache, ni kweli. Ila walipunguza huduma zenye maana sawasawa na zisizo na maana, kwa sababu mgonjwa hajui ipi ni ipi. Angejua, angekuwa daktari. Watu wa kawaida kwa wastani hawakudhurika, na hilo nalikubali kwa shingo upande. Waliodhurika ni maskini waliokuwa tayari wagonjwa, hasa wenye presha: waliotibiwa bure presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, mama yangu wa foleni alishapimwa kabla ya 1982. Majibu yake yalitoka. Tunaendelea kumuuliza ana shilingi ngapi.

Hospitali nazo hubana matumizi kwa namna yake. Uingereza, ambako tangu 1948 mgonjwa haulizwi hela akiingia hospitali, uongozi wa hospitali ya Stafford uliamua mwaka wa fedha wa 2006/07 kuokoa paundi milioni 10. Uchunguzi ulikuja kuonyesha wagonjwa walioachwa kwenye uchafu wao na wengine bila maji ya kunywa, na kwenye dharura wapo waliopokewa na watu wa mapokezi wasio na mafunzo ya kitabibu, ndio wakaamua nani aonwe kwanza. Ripoti ya mwisho ya Robert Francis, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi huo, ilitoka 2013. Hesabu za fedha zilikuwa zinapendeza.

Insulini, dawa ya kisukari, sitaisema sana, nitapandwa na presha mimi. Waliogundua waliuza hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ugunduzi, mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja ili isije ikawa mali ya mtu. Leo, karne moja baadaye, wapo wanaoigawa sindano moja mara mbili.

Wenzangu wa "futa malipo yote kesho asubuhi" nao wasipige makofi mapema. Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa wakafurika, maskini mbele, na hilo linaonyesha ni wangapi walikuwa wakiugulia nyumbani. Lakini dawa nazo zikawa zinaisha, mtu akaonwa bure kisha akatumwa kununua nje. Tukarudi kulekule kwenye kioo. Fedha lazima itoke mahali. Ninachokataa ni itoke kwa mtu mgonjwa, siku aliyougua, saa hiyohiyo.

Wala sidai kwamba daktari asiyefikiria gharama ndiye daktari mwema. Nimeshakutana na wale wanaoandika vipimo kama wanajaza fomu, na ukiuliza cha nini unaambiwa "kwa usalama." Usalama wa nani, hatuambiwi.

Nimkumbuke mzee mmoja aliyewahi kunitibu, daktari wa siku nyingi, miwani imefungwa kwa uzi. Alinipima taratibu, akanieleza ugonjwa mpaka nikaelewa, akaandika dawa tatu. Kabla ya kutia saini akasimamisha kalamu. "Na hizi utaziweza?" Nikajibu kama tunavyojibu wote, ndiyo dokta, hakuna shida. Akaendelea kuniangalia, kalamu iko palepale. Nikasema ukweli.

Hakushangaa wala hakunihurumia. Dawa ya kwanza akaifuta, akaandika dawa ileile kwa jina lake la kitaalamu ili dirishani wanipe ya kampuni yoyote iliyo rahisi. Ya pili akaiacha, akasema hiyo nikope niinunue, nisiikose hata siku moja. Kwenye ya tatu akasita kidogo, halafu akapiga mstari juu yake.

"Hii," akasema, bila kunitazama, "niliiandika kwa mazoea."