Sifongo ya Tairi Langu

Leo asubuhi nilimkuta fundi wa pancha wa hapa mtaani kwetu, Nakuru, akiosha kioo cha matatu kwa sifongo nyeusi ambayo, kama alivyonieleza bila hata kuona haya, ilikuwa imetoka ndani ya tairi langu. "Mwalimu, siku ile ya pancha nilikuta mtu amekutilia godoro humo ndani," alisema kwa fahari ya mtu aliyeokoa roho. "Nikalibandua lote, na ya yale matairi mengine matatu pia, bure." Bure!

Godoro hilo lilibandikwa kiwandani kwa makusudi. Gurudumu linapogonga kokoto, hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hutikisika na kuvuma kama chupa tupu inayopulizwa, mara 200 na zaidi kwa sekunde, na mvumo huo hupanda katika vyuma vya saspenshoni hadi kwenye bodi ya gari, mpaka abiria akadhani ameketi ndani ya ngoma. Kazi ya sifongo ni kuumeza mvumo huo kabla haujatoka.

Laiti ningalijua haya kabla ya kumpelekea fundi wa gereji gari linaloguna. Yeye alikata shauri papo hapo kwamba ni beringi, ile pete ya gololi inayolizungusha gurudumu, ila hakujua ya upande upi, kwa hiyo akaniomba niingie kwenye buti, nilale, nisikilize. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Akajibu kwamba hayo ndiyo masikio anayoyataka, kwa kuwa yamezoea kusikiliza siri za watu. Basi nikalala juu ya tairi la akiba, mikono kifuani, buti ikafungwa, tukashika barabara ya Njoro, naye akawa anayumbisha gari kushoto na kulia, kwa sababu beringi mbovu hulalamika zaidi uzito unapoielemea, huku akipiga kelele, "Ni wapi, Mwalimu?" Mimi nilisikia pande zote mbili, pamoja na jeki iliyokuwa ikinigonga kisogoni. Tulipofika kwenye kizuizi cha polisi, nilisikia sauti ikiuliza tumebeba nini nyuma.

"Mwalimu," fundi akajibu.

Buti ikafunguliwa. Afisa alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, tena yule wa kugawanya desimali kwa machozi.

"Mwalimu, umetekwa?"

"La, mwanangu. Ninasikiliza."

Alinitazama kwa muda, akavua kofia, akaifunga buti polepole kama anayefunika jeneza. Akina mama wauza karoti walikuwa wamesimama wote.

Nililipia beringi mbili, na mguno ukabaki pale pale. Kisha yule yule akaning'olea bushi za mpira laini kwenye viungo vya saspenshoni, ambazo angalau zilikuwa zikipunguza mtikiso kabla haujafika kwenye bodi, akaweka ngumu "zisizokufa". Ni kweli hazifi. Sasa kila kokoto ya Njoro naisikia kwa jina lake. Mke wangu huketi nyuma, anasema huko ndiko asikosikia ninavyolalamika.

Nikadai sifongo yangu. Fundi wa pancha aliikamua, akanipa kipande kinachonuka sabuni, akaomba shilingi 50 za kuisafisha. Nilizitoa, Mungu anisamehe, nilizitoa, na hapo dereva wa matatu akaanza kunigombeza mimi kwamba kioo chake kimeoshwa nusu.