Mafumbo ya sataranji yanalaumiwa bure

Hapa Kigoma, kijana anayejifunza sataranji akionekana ameinamia karatasi ya mafumbo, hakosi mkubwa wa kumwambia aache hayo, atafute mtu wacheze. Mafumbo yenyewe ni yale yanayotolewa katika michezo iliyochezwa kweli: unaonyeshwa kete zilivyosimama, unaambiwa mweupe anamfunga mfalme kwa hatua mbili, basi tafuta.

Wanaoyapinga wana hoja. Bao la barazani Ujiji halina karatasi. Mtoto hukaa kando ya wazee, akatazama, akafungwa sana, mwisho akajua. Hoja yao nzito zaidi imo katika mchezo wa Mmarekani Paul Morphy, alioucheza Paris, 1858. Fumbo lake ni maarufu: malkia anajitoa b8 (herufi na namba hutaja nyumba ya ubao), farasi anamla, ngome inaingia d8, mfalme hana pa kwenda. Lakini hizo ni hatua ya 16 na ya 17. Hatua 15 za kwanza, ambazo Morphy alizitumia kuingiza kete zake vitani huku za wapinzani zikibaki nyumbani, mwenye karatasi hazioni. Anapewa mavuno bila kilimo. Tena ameshaambiwa kuwa jibu lipo. Mezani hakuna wa kukunong'oneza.

Haya yote ni kweli. Ninachokataa ni dhana kwamba ukicheza sana utaona kila kitu.

Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alikuwa akicheza na Deep Fritz, programu ya kompyuta ya sataranji. Katika mchezo wa pili, hatua ya 34, alimpeleka malkia wake e3. Programu ikajibu kwa malkia h7, mchezo ukaisha. Kufungwa kwa hatua moja! Si mwanafunzi huyu, ni bingwa wa dunia. Malkia anayefunga h7 akilindwa na farasi wa g5 humtisha hata anayeanza. Safari hii mlinzi alikuwa farasi aliyesimama f8, kwenye mstari wa nyuma kabisa wa adui, mahali ambapo farasi hafiki mara nyingi. Kwa maoni yangu Kramnik hakupungukiwa akili wala uzoefu. Jicho lake halikuizoea sura ile. Na sura adimu ukizingoja mezani utazingoja miaka, hasa mji kama wetu ambako wapinzani ni walewale wa kila jioni. Karatasi inakuletea kumi kwa asubuhi moja. Tovuti ya sataranji ya Lichess inayatoa mafumbo ya namna hii bure, kwa mamilioni, kutoka michezo ya watu. Mwenye simu mmoja anaweza kuwanakilia wenzake.

Kuna faida nyingine isiyosemwa. Fumbo la kutungwa kila kete ina kazi yake. La mchezo halisi limejaa kete zisizohusika, na kijana lazima azipepete kama atakavyofanya mezani.

Kwa hiyo anayefundisha afute yale maneno ya juu, "mweupe anafunga kwa hatua mbili". Achanganye na sura ambazo hazina jibu lolote, asiseme ni zipi. Na fumbo likishateguliwa, amwombe mwanafunzi aurudie mchezo mzima tangu hatua ya kwanza, amwonyeshe ni kete gani za aliyeshindwa hazikuwahi kutoka nyumbani.