Kitambulisho cha Mwanafunzi Kikigeuka Pochi

Saa saba mchana, foleni ya mesi imefika mlangoni. Mwanafunzi aliye mbele ameshika sahani ya ugali, sukuma na maharagwe kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia anabonyeza nambari ya till, ile ya kumlipa muuzaji kwa simu, iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni. Anaweka pin, anangoja. "Haijaingia," keshia anamwambia. Anamwonyesha meseji, lakini keshia anataka kuiona kwenye simu yake mwenyewe, kwa sababu meseji ghushi zimeshamtia hasara. Nyuma yao kuna watu thelathini hivi wenye somo saa nane, na ugali unapoa.

Nafundisha kwa vipindi katika chuo kimoja hapa Nairobi na foleni hiyo naijua. Ndiyo maana nasikiliza kwa makini kila chuo kinapozungumzia kuweka malipo ndani ya kitambulisho cha mwanafunzi: unajaza pesa kwenye kadi, unaigusisha kwenye mashine, unabeba sahani yako, unaenda. Vyuo vya Marekani vimefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Kwetu, hata hivyo, hesabu ni nyingine. Tangu Machi 2007 tuna M-Pesa, na kijana anayeshuka basi kutoka Busia au Kwale kuja kujiunga na chuo amezoea zamani kulipa bila noti. Kadi haiji kuondoa pesa taslimu. Inakuja kushindana na simu, na kwenye mizani hiyo ndipo tuipime.

Na hapo ina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chukua Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaolipwa kwa kukata pesa zinazoingia kwenye simu, iliyoanza Januari 2019. Kijana amekopa shilingi mia nne wiki ya njaa. Mama yake nyumbani, asiyejua lolote kuhusu deni hilo, anauza kuku na kumtumia mia tano ya chakula. Meseji ya kwanza inasema pesa zimeingia. Ya pili inasema zimekatwa kulipa Fuliza. Nimemwona mwanafunzi wangu akizisoma hizo meseji mbili kwenye ngazi za darasa, akazima simu na kuirudisha mfukoni bila kusema neno. Kama mama angejaza kadi ya chuo moja kwa moja, deni la simu lisingeigusa sahani ya mwanawe. Sijasikia watetezi wa kadi wakiitaja hoja hii, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote.

Kisha kuna tozo. Kumtumia mtu kati ya shilingi 101 na 500 kwa M-Pesa ni shilingi 7 kwa viwango vilivyoanza 2023, ushuru ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Kuzitoa kwa wakala ni 29. Mnunuzi anayelipa kwa till hakatwi kitu, lakini wauzaji wengi wadogo hukuambia utume kwa nambari ya kawaida. Kwa anayeishi kwa mia mbili kwa siku, shilingi 29 ni chapati na chai. Simu nayo huisha chaji na huibwa, na anayevuka mji jioni kwenda kupanda matatu anajua kuificha. Kadi ikiibwa inafungwa, salio linabaki.

Hoja ya wazazi, kwamba pesa ya kadi haiwezi kupelekwa kwenye kamari, sina imani nayo sana. Mwenye kiu ya kubashiri atamlipia mwenzake chakula kwa kadi apewe noti. Isitoshe, huyu ni mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa na kura. Kumfungia pesa zake ndani ya mesi kama mtoto wa shule ya msingi hakumfundishi kuzitunza.

Upande wa pili wa mizani nimeuonea karibu zaidi, kupitia binti ya dada yangu. Chuo anachosoma kina kadi ya namna hii. Ilimpotea Alhamisi jioni, ikiwa na shilingi 640. Ijumaa ofisi ya vitambulisho ilikuwa imefungwa kufikia adhuhuri. Jumatatu akaambiwa alipie kadi mpya kwanza, arudi kesho yake. Siku hizo zote hangeweza kuingia maktaba, langoni alibembeleza askari kila asubuhi, na mesini hakuwa na cha kugusisha. Aliyemlisha ni mama wa kibanda nje ya ukuta. "Kula kwanza, mami, utanilipa kadi ikitoka." Binti aliniambia deni lake liliandikwa kwenye daftari la shule lenye jalada lililochakaa: chapo mbili, ndengu, chai. Hakuna saini, hakuna mdhamini.

Daftari lile ni sehemu ya uchumi wa chuo, na kadi hailijui. Makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo, wengi wa Nairobi hawali mesi siku zote. Wanakula chapo madondo kibandani, smoki pasua barabarani, wananunua nyanya za kupikia hostelini. Kadi inayosomwa na mashine za chuo peke yake inaihamisha pesa hiyo kutoka kwa wanawake wa vibanda hadi kwa mwenye zabuni wa mesi, na mwanafunzi anabaki bila mtu wa kumkopesha siku kadi inapokuwa tupu. Haimpandishi matatu wala haimtolei kopi saibani. Mia tano iliyoingia kwenye kadi hiyo haitoki getini.

Wenye matatu walishapita njia hii. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zilipwe kwa kadi. BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity, ilikuwepo tangu 2013, na kadi nyingine zikajitokeza. Wahudumu walitaka pesa mkononi kwa mafuta na gharama za siku, na abiria hakutaka kubeba kadi kadhaa ili afike nyumbani. Mwaka 2015 BebaPay ilifungwa. Leo abiria wengi hulipa nauli kwa simu, kwa sababu pesa ya simu inapokelewa na kila mtu.

Lakini linalonisumbua zaidi ya yote ni mamlaka. Kitambulisho cha mwanafunzi ni mali ya chuo. Chuo hukitoa, hukifunga, hukiwekea tarehe ya kuisha. Kila anayefundisha hapa amewahi kumwona mwanafunzi akizuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya karo. Sasa weka chakula ndani ya kadi ileile. Mfumo wa fedha ukiwekwa ufunge kadi ya kila mwenye deni la karo, kufuli la mtihani linakuwa pia kufuli la sahani, bila mtu yeyote kuketi na kuamua kwamba fulani alale njaa. Kompyuta itafanya hivyo usiku, na keshia atasema tu "kadi imekataa". Wazee wetu wa vyuo wanakumbuka miaka ya 1990, wanafunzi wa vyuo vya umma walipoanza kulipia kila mlo badala ya kulishwa na serikali. Tangu hapo kula kunategemea kilicho mfukoni. Tusiongeze sharti la pili.

Kuna pia suala la pesa zinakaa wapi. Elfu moja kwa kila mwanafunzi, katika chuo cha wanafunzi elfu kumi, ni shilingi milioni kumi zilizolala mahali. Kenya ina Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya 2011 na kanuni za 2014 zinazomtaka mtoaji wa pesa za kielektroniki aweke fedha za wateja katika amana iliyotengwa. Chuo kinachokusanya salio la kadi kiulizwe waziwazi kama fedha hizo zimetengwa au zimechanganywa na akaunti inayolipa stima na mishahara. Marekani wanalijua hili. Desemba 2015 benki kuu yao iliitaka kampuni ya Higher One, iliyokuwa ikisimamia fedha za wanafunzi kupitia kadi, irudishe takriban dola milioni 24 kwa wanafunzi wapatao 570,000 waliopotoshwa kuhusu ada na akaunti zake.

Usalama wa kadi yenyewe usichukuliwe juujuu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walivunja ulinzi wa kadi za Mifare Classic zilizokuwa zikitumika kwenye usafiri wa umma, zikiwemo za London. Salio likiandikwa kwenye kadi za bei rahisi, watajitokeza vijana wa kompyuta wa kulibadilisha. Likihifadhiwa kwenye seva, stima na mtandao vikipotea mesi inasimama. Halafu kila mguso huacha alama ya ulipokuwa, saa ngapi, na ulikula nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanafunzi haki ya kuambiwa taarifa hizo zinatumiwaje, haki ambayo fomu ya kujiandikisha chuoni isimfanye aiachilie kwa kutia saini asichokisoma.

Mimi naiunga mkono kadi, kwa sababu ya Fuliza na ile foleni ya saa saba. Lakini naiunga mkono ikiwa pochi iliyotengwa na rekodi za karo, ambayo msajili hawezi kuifunga kwa deni. Till ibaki palepale mesini, na noti zipokelewe. Mama wa kibanda apewe mashine akitaka, bila kudaiwa kodi ya zabuni. Kadi ikipotea, mwanafunzi ale siku hiyohiyo kwa nambari yake ya usajili na pin. Na siku anapohitimu, salio lirudi kwenye simu yake kabla hajavua joho, hata likiwa shilingi arobaini.