Wekeni mwani mezani: warsha si kongamano dogo

Wiki hii wenzangu wawili wameniomba niwasomee maandiko yao kabla hawajayatuma. Kila mmoja anataka kuendesha warsha ya nusu siku kwenye kongamano la kunasa maarifa, na ratiba zao zimefanana kama pacha: ufunguzi, mzungumzaji mwalikwa, makala sita za dakika kumi na tano kila moja, kahawa, makala nyingine nne, kufunga. Niliwajibu kwamba maandiko yameandikwa vizuri, ila sioni warsha ndani yake. Mmoja amenipigia simu akiwa amekasirika kidogo. Ana haki ya kuuliza nina maana gani, na jibu ni refu kuliko simu.

Kunasa maarifa ni kazi ya kuyatoa anayoyajua mtu mzoefu na kuyaweka katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulitumia. Kazi hii ilianza kuwatesa watu miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Edward Shortliffe alipotengeneza MYCIN, programu ya kuwasaidia madaktari kuchagua dawa za maambukizi ya bakteria kwenye damu. Programu iliendeshwa na mamia ya kanuni za "ikiwa hivi, basi vile", na kanuni hizo hazikuwa zimeandikwa kitabuni zikingoja kunakiliwa. Ilibidi kukaa na madaktari, kuuliza, kukosea, kuuliza tena. Edward Feigenbaum, wa Stanford vilevile, aliliita tatizo hilo shingo ya chupa: maarifa yamejaa tele ndani, yanatoka kwa matone.

Mwaka 1986 watafiti waliokuwa wakihangaika na shingo hiyo walikutana Banff, kwenye milima ya Kanada, kwa mwito wa John Boose na Brian Gaines. Mkutano huo uliitwa warsha, na warsha za Banff ziliendelea kwa miaka mingi baadaye. Kongamano la K-CAP, la kunasa maarifa, ambalo tangu 2001 hukutana kila baada ya miaka miwili, limetoka katika ukoo huo. Yaani fani hii ilizaliwa warshani, kongamano likaja baadaye. Kwa hiyo ninapoona warsha inageuzwa kuwa chumba cha pembeni cha kusomea makala zilizokosa nafasi ukumbini, inaniuma.

Watafiti wa warsha za ukoo huo walikuwa na desturi ninayoitamani mpaka leo. Walichagua tatizo moja, wakalisambaza kwa kila kundi, kisha kila kundi likaja na ufumbuzi wake kwa njia yake. Desturi hiyo waliiita Sisyphus. Tatizo la kwanza lilikuwa kugawa vyumba vya ofisi kwa watafiti wa kundi moja: mkuu apate chumba cha katikati, mvuta sigara asikae na asiyevuta, na masharti mengine ya namna hiyo. La pili lilikuwa kusanifu lifti ya jengo. Hebu fikiria faida yake. Watu wote chumbani wanalijua tatizo, kwa hiyo hakuna anayepoteza dakika kumi kueleza muktadha. Ukisema njia yako ni bora, mwenzako aliyehangaika na lifti ileile anakuuliza swali linalouma. Hiyo ni kazi ya mikono, na ndiyo maana ya neno lenyewe.

Hata hivyo desturi hiyo ilikuwa na kasoro, na wenyewe waliiona. Maelezo ya vyumba na ya lifti yalikuja yameshaandikwa. Shingo ya chupa ilikuwa imeshapitwa kabla mtu hajaanza kazi. Awamu ya tatu walijaribu kurekebisha kwa kuchagua utambuzi wa miamba iliyotokana na uji wa moto wa ardhini, wakagawa mahojiano ya wataalamu yakiwa mabichi, pamoja na matokeo ya wataalamu kupanga kadi katika makundi. Ilikuwa hatua kubwa. Bado mtaalamu mwenyewe hakuwamo chumbani. Ilikuwamo karatasi yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuongeze kitu.

Kuna mbinu ya mahojiano iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia George Kelly, ya mwaka 1955. Unamwekea mtaalamu vitu vitatu na kumuuliza: vipi viwili vinafanana, na kimoja kinatofautiana navyo kwa lipi? Basi. Humuulizi "unajuaje?", kwa sababu swali hilo humziba mdomo hata bingwa. Niliijaribu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mama mmoja ambaye amelima mwani tangu mimi sijaanza shule. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemuuliza maswali ya dodoso, naye akanijibu kwa upole majibu mafupi yasiyonisaidia: mwani mzuri ni ule uliokua vizuri. Nikaandika. Siku ya pili nikamwekea mashina matatu juu ya kanga. Aliyatazama, akalishika la katikati, akalivunja, akalisugua kwa kidole gumba. "Haya mawili ndugu," akasema. "Huu, mwanangu, hata ukiufunga tena hautakua. Umeshachoka, bado tu haujageuka mweupe."

Mimi sikuona tofauti yoyote. Mweupe nilikuwa naujua: ncha zikilainika na kupauka, mwani umeugua, na joto la maji lina mchango mkubwa katika hilo. Lakini uchovu unaotangulia weupe, ule anaouhisi kwa kidole, sikuwa nimeusoma popote. Tulikaa saa mbili tukibadilisha mashina, matatu matatu, na kila mara akatoa neno jipya. Mengine yalikuwa ya rangi, mengine ya sauti ya kuvunjika, moja lilikuwa la harufu. Saa mbili zile zilinipa zaidi ya dodoso la kurasa nane.

Siku hizi maandiko mengi ya warsha yamejengwa juu ya modeli kubwa za lugha, zile zilizo nyuma ya programu kama ChatGPT: namna ya kuchota maarifa kutoka katika matini, namna ya kujenga grafu ya maarifa, yaani mtandao wa vitu na uhusiano wake, kwa msaada wa modeli, namna ya kupima kama modeli inasema kweli. Si kazi ndogo, na mimi mwenyewe nazitumia modeli hizo. Ila zinanasa kilichokwisha andikwa. Uchovu wa mwani haumo. Anayeniambia shingo ya chupa imevunjika kwa sababu intaneti imejaa maneno, namwomba aje Jambiani maji yakipwa.

Basi andiko la warsha ambalo ningelipitisha bila kusita ni lile linaloleta tatizo moja, pamoja na mwenye maarifa yake, na kuwapa washiriki muda wa kuhangaika naye. Makala ziwe chache, mbili tatu, za kufungua njia.

Na madarasa ya nusu siku, yale ya kumfundisha mgeni mbinu kabla ya kongamano kuanza, yanahitaji mabadiliko zaidi. Mara nyingi mfundishaji huonyesha programu yake mwenyewe, watu wanaipakua, nusu ya kwanza inaishia kwenye matatizo ya kuisakinisha. Kwa nini hatufundishi kuuliza? Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuijua Protégé, programu ya kuchorea maarifa, kitufe kwa kitufe na asijue namna ya kukaa kimya sekunde kumi mzee anapotafuta neno. Kimya kile hufundishika, kwa mazoezi, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu kuhusu jambo analolijua kwa mikono: kusuka, kupika wali usishike chini, kurudisha gari nyuma uchochoroni. Hakuna cha kupakua.

Mwenzangu aliyekasirika aliniambia kwamba maandiko ya namna hii hukataliwa. Najua. Langu lilikataliwa, na mpitiaji mmoja alitaka kujua tu warsha ingezalisha makala ngapi. Sikuwa na jibu zuri, na kosa hilo lilikuwa langu: sikueleza washiriki wangeondoka na nini. Sasa naeleza katika aya ya kwanza. Wataondoka na maneno ya mtaalamu, michoro mitatu au minne inayopingana ya maarifa yaleyale, na ripoti ya pamoja inayoweza kuchapishwa CEUR-WS, hazina ya mtandaoni ya makala za warsha iliyoanzishwa Aachen, Ujerumani, mwaka 1995 ambako yeyote husoma bure. Naeleza pia tutafanya nini wakija watu wanane badala ya thelathini. Wapitiaji ni watu wenye hofu ya chumba kitupu. Waondolee hofu hiyo mapema. Waandaaji watoke vyuo tofauti, ikiwezekana nchi tofauti, ili isionekane ni kikao cha ofisi moja.

Sisi wa huku tuna sababu moja zaidi ya kuandika maandiko haya. Warsha ni mlango. AfricaNLP, ya kuzishughulikia lugha za Kiafrika kwa kompyuta, ilianza mwaka 2020 kama warsha ndani ya ICLR, kongamano la akili bandia, ambalo lilikuwa lifanyike Addis Ababa, tena baada ya kilio cha watafiti wa Kiafrika waliokuwa wakinyimwa viza za kwenda makongamano ya Amerika ya Kaskazini. Korona ikalihamishia mtandaoni. Mwaka 2023 ICLR ikafanyika Kigali, na warsha ilikuwapo. Aliyekuwa hapati nafasi ya kuzungumza ukumbini alishakuwa mwenye chumba chake mwenyewe.

Kwa hiyo na mimi naandika tena. Mama wa Jambiani amekubali kushiriki, kwa sharti kwamba alipwe siku yake kama mhadhiri anavyolipwa, na jina lake liwekwe pamoja na ya waandaaji. Sharti la haki kabisa. Kilichonikwamisha wiki nzima ni saa. Wakati wa bamvua, maji kwetu hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na ndio muda anaokuwa shambani. Nilitaka tumuunganishe kwa video akiwa palepale kwenye kamba zake. Lakini kule kongamano litakapofanyika, mashariki mwa Marekani, majira yao ya baridi saa nne asubuhi ya Unguja ni saa nane ya usiku. Maji yakipwa tena saa nne usiku, kule ni mchana mzuri, huku giza.

Yeye ndiye aliyelitatua. Ataleta mwani nyumbani kwenye ndoo ya maji ya bahari, na washiriki watatumiwa mapema picha za karibu za mashina, kila shina likiwa na namba. Akishaswali Magharibi, saa kumi na mbili na nusu, kule itakuwa saa nne na nusu asubuhi. Mpaka Isha kuna kama saa moja. Nimeiandika saa hiyo katikati ya ratiba, na kila kitu kingine nimekipanga kuizunguka.