Usimuulize mtoto aina ya neno lisilo na sentensi

Ramadhani iliyopita, tukisubiri adhana ya magharibi, mpwa wangu wa darasa la sita aliniletea daftari lake la Kiingereza. Zoezi lilikuwa na maneno kumi yaliyopangwa wima, bila sentensi hata moja, na agizo fupi: andika aina ya kila neno. Mbele ya fast alikuwa ameandika verb, yaani kitenzi. Kawekewa kosa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa adjective, yaani kivumishi.

"Mjomba, fast si ndiyo kufunga? Na sisi si tumefunga?"

Ndivyo. Mtoto alikuwa sahihi, na jibu la mwalimu nalo ni sahihi. Swali ndilo bovu, na linanikera kwa sababu nimelikuta kwenye madaftari mengi mno. Katika Muslims fast in Ramadan, neno hilo ni kitenzi. Katika a long fast ni nomino, saumu yenyewe. A fast car, gari lenye kasi, ni kivumishi. She runs fast, anakimbia kwa kasi, ni kielezi. Herufi ni zile zile nne. Anayeamua ni jirani zake kwenye sentensi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilikuwa na fæst, kivumishi chenye maana ya imara, fæste, kielezi, na fæstan, kitenzi. Karne zikapita, miisho ikadondoka, likabaki umbo moja. Ile maana ya kukaza bado imo ndani ya fasten, kufunga mkanda. Hebu ona: sisi nasi tunafunga mkanda na tunafunga Ramadhani kwa kitenzi kimoja! Na breakfast ni kuvunja mfungo. Nilipomwonyesha hayo, macho yalimng'aa kuliko siku zote nilizowahi kumsomesha.

Mtoto wetu amezoea neno linalojitambulisha lenyewe. Funga, mfungo, mfungwa, kifungo: kiambishi kinakwambia mengi kabla hujamaliza kulisoma. Akiingia kwenye Kiingereza anatafuta alama kama hizo, na anapewa kanuni za kukariri. Anaambiwa chenye -ly ni kielezi, kisha anakutana na friendly na lovely, ambavyo ni vivumishi, na family, ambayo ni nomino. Hapo anaanza kubahatisha.

Lakini hata kwetu sare hiyo ya viambishi haitoshi. Haraka ni nomino katika "haraka haraka haina baraka", na ni kielezi katika "njoo haraka". "Watoto wazuri" ina kivumishi. "Wazuri wamefika", neno hilo hilo limekalia kiti cha nomino. Na barabara? Ukikaza silabi ya pili toka mwisho ni njia ya magari. Ukikaza ya pili toka mwanzo ni sawasawa. Waingereza hufanya vivyo hivyo na record: mkazo ukiwa mwanzoni ni nomino, ukiwa mwishoni ni kitenzi. Mwanafunzi anayejua barabara mbili ana mlango wa kuingilia, ila hatuufungui.

Najua mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wa kusahihisha insha. Sentensi moja fupi kwa kila neno haimwongezei mzigo mkubwa. Mtoto aangalie kilichotangulia: je, kuna a au the? Ikiwepo, hapo si kitenzi. Ajaribu kupachika -ed ya wakati uliopita: he fasted inakubali, kwa hiyo hapo ni kitenzi. Aweke quickly mahali pa fast: she runs quickly inakaa, kwa hiyo hapo ni kielezi; a quickly car inakataa.

Tulifanya hivyo pale pale mkekani. Nilimwomba aandike sentensi nne za fast, kila moja na kazi yake. Adhana ilipoita alikuwa amebakiza ya kielezi. Aliimalizia baada ya futari, vidole vikinukia tambi: My brother eats fast.