Ipswich wana sanamu, Nakuru tuna mstari mmoja

Orodha ya mabingwa wa ligi ya Kenya haianzi na Gor Mahia wala AFC Leopards. Inaanza na Nakuru. Mwaka 1963, ligi ya taifa ilipochezwa kwa mara ya kwanza, waliobeba ubingwa ni Nakuru All-Stars, na 1969 wakaubeba tena. Kwa wengi wa mji ule habari inaishia hapo, kwenye mstari mmoja wa orodha. Mwambie kijana anayesubiri matatu karibu na uwanja wa Afraha akutajie watano tu wa kikosi cha 1963. Halafu mwambie akutajie Arsenal ya 2004. Atakupa hadi waliokaa benchi.

Sisi tulio ughaibuni ndio tunaopiga kelele kuhusu "enzi zile", hasa Januari, jua la Uingereza likizama saa kumi jioni na mtu hana la kufanya ila kufungua simu. Tunawalaumu vijana wa nyumbani kwamba wameuza mioyo kwa ligi ya wazungu. Lawama hiyo inapigwa pasipostahili. Hakuna awezaye kukumbuka jambo ambalo hakuna aliyemwandikia, na walioshindwa kuandika si vijana.

Tazameni Ipswich, mji wa Suffolk wenye asili ya kilimo kama Nakuru, hata timu yao inaitwa Vijana wa Trekta. Walitwaa ubingwa wa Uingereza mara moja tu, 1962, mwaka mmoja kabla ya Nakuru kutwaa wake, tena katika msimu wao wa kwanza kabisa daraja la juu. Leo shabiki wa kawaida pale anakwambia bila kupepesa: mechi 42, ushindi 24, sare 8, kufungwa 10, mabao 93 kwa 67, pointi 56, Burnley nyuma kwa pointi 3. Ray Crawford alifunga mabao 33 ya ligi na Ted Phillips 28. Kocha Alf Ramsey, ambaye baadaye aliipa nchi Kombe la Dunia la 1966, ana sanamu nje ya uwanja wa Portman Road, na jukwaa moja lina jina lake.

Ila kinachonivutia zaidi si sanamu. Wale watu wameandika hata aibu yao. Ramsey alipoondoka timu ikaporomoka, na tarehe 26 Desemba 1963, wiki mbili baada ya Kenya kupata uhuru, ikachapwa 10–1 na Fulham. Msimu ukaisha wakiwa mkiani, wamefungwa mabao 121, wakashuka daraja. Hilo nalo limo kitabuni, pamoja na kila aliyecheza. Sisi hata ushindi hatukuuhifadhi.

Kuna wanaosema wazungu wanapenda historia yao kuliko sisi. Sikubali. Tofauti ni karatasi. Uingereza, kila mechi ya nyumbani ilikuwa na kijitabu cha kuuza mlangoni: vikosi, msimamo wa ligi, matangazo ya sigara na bia. Kilichapishwa ili klabu ipate pesa, si kwa ajili ya historia, lakini kikabaki kwenye madroo ya maelfu ya nyumba. Kwetu shabiki aliondoka uwanjani na kipande cha tiketi na sauti iliyokauka. Kumbukumbu ikahamia mdomoni, kinyozini na kwenye vibanda vya chai, na mdomo huzeeka.

Na kwa wanaolalamika kwamba watoto wa Nakuru wanaitazama mno ligi ya Uingereza, kuna kichekesho hapa: mechi za Jumamosi za saa tisa alasiri haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ndani ya Uingereza yenyewe. Sheria hiyo ya mpira ni ya miaka mingi, iliwekwa ili watu waende uwanjani kuangalia timu za mtaani kwao. Mtu wa Ipswich asiye na tiketi anasikiliza redio. Kwa saa za Kenya wakati wa baridi, mechi hizo zinaanza saa kumi na mbili jioni, na ukumbi wa Nakuru unazionyesha zote. Ile ya mapema inaanza saa tisa unusu, alasiri ile ile ya mpira Afraha. Wenyewe wamejilinda dhidi ya bidhaa yao.

Sasa tufanye nini? Tukiombwa mchango, mkono wetu unakimbilia jezi. Seti ya jezi huisha ndani ya misimu miwili. Nusu ya harambee moja ingenunua skana ya mitumba na kulipa nauli za kijana mmoja kwa miezi kadhaa, na msimu wa 1963 ungerudi kwenye karatasi.

Kazi ianzie kwenye magazeti. Mwaka huo yalikuwepo Daily Nation, East African Standard, Taifa na Baraza. Mechi za wikendi zitafute kwenye toleo la Jumatatu, na kama halina, Jumanne. Toleo la Ijumaa au Jumamosi hutaja ratiba, na ratiba ni mtego: timu ilipangwa kucheza, mvua ikanyesha au gari likaharibika, mechi ikaahirishwa, na mtafiti mwenye haraka anaiandika kana kwamba ilichezwa. Nairobi, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ulizia pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliye Uingereza ana British Library, maktaba ya taifa iliyo London. Kadi ya msomaji hutolewa bure ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye nyaraka, beba penseli. Magazeti mengi ya karatasi yamehifadhiwa Boston Spa, Yorkshire, kwa hiyo uliza na uagize siku kadhaa kabla, vinginevyo utapanda treni hadi London kwenda kutazama dari.

Kila mechi ipewe mstari wake: tarehe ya mechi (si ya gazeti), uwanja, matokeo, wafungaji, gazeti na ukurasa. Ukikuta magazeti mawili yanapingana, andika yote mawili. Majina yatakusumbua. Mwandishi wa Nairobi aliyesimuliwa mechi kwa simu aliandika jina kama alivyolisikia, kwa hiyo mchezaji mmoja anaweza kutokea kwa tahajia tatu, na ndugu wawili wakaunganishwa kuwa mtu mmoja mwenye mapafu ya ajabu.

Msimamo wa ligi nao usiuamini kabla hujaupigia hesabu. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2 na sare 1, si 3 kama leo. Maana yake kila mechi ilizaa pointi 2 kamili, zichukuliwe na mmoja au zigawanywe. Chukua mfano wa ligi ya timu 10, nyumbani na ugenini: mechi 90, kwa hiyo pointi za timu zote zikijumlishwa lazima ziwe 180. Ukipata 178, huenda kuna mechi moja haijaingizwa. Ukipata 179, kuna sare iliyohesabiwa upande mmoja, kosa la uchapaji au pointi iliyokatwa mezani. Jumla ya safu ya "mechi zilizochezwa" lazima igawanyike kwa mbili, maana kila mechi imehesabiwa kwa timu mbili. Mabao yaliyofungwa na timu zote yawe sawasawa na yaliyofungwa dhidi yao. Makosa mengi ya msimamo wa gazeti hunaswa hapo, kwa dakika tano, kabla hujamsumbua mzee yeyote. Angalia pia ushindi wa mezani: timu isipofika uwanjani mpinzani anaweza kuandikiwa mabao ambayo hayana mfungaji, ndipo hesabu ya mabao ya wachezaji inakataa kulingana na ya timu.

Baada ya hapo, picha. Nyingi hazipo kwa wazee wenyewe. Zipo kwa wajane na mabinti wao, chini ya sanduku, kwenye albamu ile yenye kurasa za gundi na plastiki juu. Mama akikukaribisha, usiombe kuondoka na picha. Kila familia ina kisa cha mtu aliyeazima akapotea, na kisa hicho ndicho kitakachokufungia milango ya nyumba nyingine. Nenda na skana, fanya kazi hapo hapo mezani, mama akiangalia.

Picha iliyoganda kwenye gundi usiibandue. Inaweza kuchanika, na mgongo wake ukabaki kwenye ukurasa. Skani ukurasa mzima. Ile inayotoka yenyewe, skani mbele na nyuma, kwa sababu mhuri wa studio na maandishi ya penseli ya nyuma mara nyingi ndiyo tarehe pekee utakayopata. Kipimo nacho: kwenye picha ya kikosi yenye ukubwa wa postikadi, uso wa mtu unaweza kuwa nusu sentimita. Kwa nukta 300 kwa inchi uso huo unapata nukta 59 hivi kutoka kidevu hadi utosini, na hapo kila mtu anafanana na binamu yake. Kwa 600 unapata 118, kwa 1200 unapata 236, na sura inaanza kusema. Hifadhi faili asili kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, toa nakala nyepesi ya JPEG ya kusambaza. Ukituma WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na sura zinavurugika.

Kama hakuna skana, simu inatosha kwa dharura. Weka picha juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, shika simu sambamba kabisa na picha. Kingo za picha zikionekana zimepinda kwenye kioo cha simu, hujanyoosha. Na tafadhali, msipeleke picha za zamani kupigwa laminesheni. Joto na gundi yake haviondoki tena.

Jezi ikipatikana, isifuliwe. Ikunjwe kwa kuviringishwa ndani ya shuka nyeupe ya pamba, iwe mbali na jua na panya. Basi.

Wazee wahojiwe mmoja mmoja. Ukiwaketisha wanne pamoja utapata kumbukumbu ya yule mwenye sauti kubwa, wengine watatu wakitikisa kichwa kwa heshima. Usianze na "mwaka gani". Anza na safari: mlikwenda ugenini kwa gari gani, mlilala wapi, viatu alinunua nani, nani alikuwa na kazi ya kuajiriwa na aliombaje ruhusa. Kosa kubwa ni kuchanganya ubingwa wa 1963 na wa 1969, na hata mzee mwenye akili timamu huchanganya. Tumia vigingi: wakati huo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea? Waziri Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969, alikuwa hai? Bendera humweka mtu upande wake wa Desemba 1963, na Mboya upande wake wa Julai 1969. Simu ya kurekodia iwe kwenye hali ya ndege, hatua fupi kutoka mdomoni, na msikae chini ya mabati wakati mawingu yamefunga. Mvua ya Nakuru ikianza kupiga bati utarekodi bati tu.

Uwanja wa Afraha umefanyiwa ujenzi mpya miaka ya karibuni, na ujenzi ndio wakati ambapo mbao za matangazo, vitabu vya wageni na makabati ya ofisi hutupwa. Aliye karibu aulize sasa, asingoje.

Mwishoni tengeneza nakala ya picha ya kikosi, kila kichwa na namba, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Mwonyeshe kila mzee nakala isiyo na majina, na ukubali jina ambalo wawili wamelitaja bila kusikizana. Kichwa kisicho na jina kiachwe na namba yake na alama ya kuuliza, usikijaze kwa kubahatisha ili ukurasa upendeze. Mjukuu wake anaweza kuwa Doha au Minneapolis, na atamtambua kwa masikio.